Uzi: Boti zisizo na mtu na upimaji wa maji ya kina kifupi, ukanda ambao meli za upimaji hazifiki

Wanajamvi, salaam.

Kazi yangu ni upimaji wa bahari. Nimeifanya kwa miaka kumi na mitatu, sehemu kubwa kati ya Tanga na Kilwa, na katika miaka minne ya mwisho nimekuwa nikitumia boti ndogo zinazojiendesha, zile ambazo vijana wamezoea kuziita droni za majini. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila jambo hili linapoguswa humu jamvini, mazungumzo huishia kwenye bei ya boti na umbali inaoweza kwenda, ilhali kinachoamua kama namba zitakazopatikana zina thamani au hazina ni mambo mengine kabisa, na mengi kati ya hayo hayamo ndani ya boti. Nitaandika kwa urefu. Naomba mnivumilie, na mwenye swali aulize.

Tuanze na mahali penyewe. Ukifungua ramani ya bahari ya sehemu nyingi za pwani yetu utaona tarakimu za kina zimesongamana kwenye njia za kuingilia bandarini, kisha kadiri unavyosogea ufukweni zinapungua, hadi unabaki na rangi tupu na alama chache za mwamba. Ukanda huo, kuanzia maji yanapoishia yakipwa hadi kwenye kina cha mita 5 hivi, ndio unaopitwa na ngalawa na mashua kila siku. Ndimo zilimo kamba za mwani, madema na mizizi ya mikoko. Na ndio unaoamua wimbi kubwa litapanda nchi kavu hadi wapi: tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilifika hadi kwetu, na wanaopiga hesabu za mafuriko ya namna ile wanahitaji umbo la sakafu ya bahari palepale wimbi linapoanza kuinuka, yaani palepale ramani inapokuwa tupu.

Utupu huo hautokani na uvivu wa mtu. Mwaka 1822 Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la majini la Uingereza alikuja na meli mbili, Leven na Barracouta, kupima pwani ya Afrika, na kazi ile ilimchukua hadi mwaka 1826. Chombo cha kupimia kilikuwa bildi: kipande cha madini ya risasi kwenye kamba yenye alama za pima, kikitupwa mbele ya mashua, kamba ikisomwa, ikivutwa, kikatupwa tena. Walirudi na ramani zipatazo 300, lakini zaidi ya nusu ya watu alioondoka nao walikuwa wamekufa, wengi wao kwa homa. Tangu enzi hizo, maji ya kina kifupi yamekuwa ndiyo sehemu ya upimaji inayokula watu na muda kuliko sehemu nyingine yoyote, na kila mpimaji aliyekuwa na meli kubwa alifanya jambo la busara, akakaa mbali nayo.

Ramani za kielektroniki za leo huweka alama ya kuonyesha kila eneo linaaminika kiasi gani. Eneo la daraja C, kwa mfano, linakubaliwa kuwa na kosa la mahali hadi mita 500, na kosa la kina hadi mita 2 pamoja na asilimia 5 ya kina chenyewe. Kwa meli inayopita kwenye mita 200 za maji, hilo halimnyimi nahodha usingizi. Chukua mita 2 hizo ukaziweke mahali penye maji ya mita 3, kisha umwambie mwenye mashua iliyosheheni abiria kwamba hiyo ndiyo ramani yake.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Rufiji. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta, na manowari kubwa za Waingereza zikabaki nje kwa miezi, kwa kuwa ziliingia majini zaidi kuliko milango ile inavyoruhusu. Wajerumani walikuwa na meli yao ya upimaji, Möwe, na waliijua milango ile, Waingereza hawakuijua. Ilibidi waletwe Severn na Mersey, vyombo vya matumbo mapana yasiyozama sana, vilivyojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, ndipo Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Atakayepima delta ile leo asitegemee namba za wakati ule, kwa maana mto ule huhamisha mchanga na kubadilisha matawi yake, lakini somo la chombo chepesi liko palepale.

Sasa, kwa nini boti isiyo na mtu? Watu hujibu haraka kwamba ni kwa usalama, nalo ni jibu la kweli, kwa kuwa hakuna mwenye akili anayetaka kupeleka vijana wanne kwenye mawimbi yanayovunjikia mwambani. Lakini sababu kubwa zaidi ni ya hesabu. Ekosaunda, yaani kifaa kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti, ikiwa ya miale mingi hutandaza sauti kama mvuvi anavyotupa kimia, na upana wa kimia hicho hutegemea kina. Ikitandaza kwa nyuzi 120, inafunika upana wa karibu mara tatu na nusu ya kina kilicho chini yake. Penye mita 30 kila mstari unafunika zaidi ya mita 100, na kilomita moja ya mraba inakwisha kwa mistari 10. Penye mita 3 mstari unafunika mita 10 tu, na kilomita ileile inahitaji mistari 100, kabla hujaweka sehemu za kupandana. Hiyo ni safari ya kilomita 100 ya kwenda na kurudi ndani ya hori moja, kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, karibu saa 14 bila kuhesabu kugeuka. Binadamu anayeshika usukani kwa saa 14 huku akitazama kioo ili asitoke kwenye mstari kwa zaidi ya mita moja huchoka, na mistari yake huanza kupinda. Mtambo hauchoki.

Boti ninayotumia ina urefu wa mita 1.6 na matumbo mawili kama ya katamarani, mota mbili za umeme, na inazama majini sentimita 20. Katikati kuna mlingoti mfupi; juu yake imekaa antena ya GPS, na chini, kwenye mstari uleule wa wima, kimekaa kihisi cha ekosaunda. Tunaibeba watu wawili kutoka kwenye pikapu hadi majini. Tukishaiweka, mimi hukaa chini ya mvinje na kompyuta iliyofunikwa kanga ili jua lisipige kioo, na boti inaanza kwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta. Kwa mtazamaji kazi imekwisha. Kwa kweli ndiyo inaanza.

Tatizo la kwanza na la mwisho ni maji yenyewe kutotulia mahali pamoja. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4, na hayapandi kwa mwendo mmoja: katika saa ya tatu na saa ya nne baada ya kuanza kujaa, kila saa huongeza karibu robo ya tofauti yote. Yaani mita nzima kwa saa moja, sentimita 25 kwa dakika 15. Zingatieni namba hiyo. Viwango vya kimataifa vya upimaji, S-44 vya IHO, shirika la kimataifa la upimaji wa bahari, toleo la 6 la mwaka 2020, vina daraja maalumu kwa maeneo ambayo chini ya meli hapabaki nafasi kubwa, na kwenye maji ya kina kifupi daraja hilo linaruhusu kosa la kina la sentimita 25 hivi kwa jumla. Kwa hiyo saa yako ikikosea robo saa tu, umekwishaitumia ruhusa yote kabla ekosaunda haijafanya kosa lake hata moja.

Jambo hili nalijua kwa kuumia. Katika kazi moja kwenye mdomo wa mto, tulikuwa tumepigilia ubao wa kupimia maji kwenye nguzo ya gati, na kijana wa pale kijijini aliketi akiusoma kila baada ya dakika 10 na kuandika katika daftari. Aliandika vizuri mno, kwa mwandiko ambao ningeutamani: saa 4:10, saa 4:20, saa 4:30. Jioni, aliyeingiza namba zile kwenye programu hakuwa mtu wa huku, akaandika 04:10, 04:20, 04:30. Kijana alimaanisha saa nne asubuhi kwa Kiswahili, ambayo kwa kompyuta ni 10:10. Saa sita za tofauti ni karibu nusu ya mzunguko wa kujaa na kupwa, ambao ni saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kosa hilo halikusogeza maji kidogo, liliyageuza kabisa: palipojaa kompyuta iliona pamepwa, na palipopwa iliona pamejaa. Ramani ya kwanza iliyotoka ilikuwa na kisiwa katikati ya mlango ambao jana yake tuliona jahazi la chumvi likipita. Kilichotuokoa ni mistari ya kukatiza, ile michache inayopimwa kuvuka mingine ili kulinganisha. Mahali ambapo mistari miwili ilipaswa kutoa kina kimoja, ilitofautiana kwa zaidi ya mita 2. Tulilirudia daftari usiku uleule. Tangu siku hiyo daftari zangu zina safu mbili za saa, moja ya Kiswahili na moja ya saa 24, na msomaji anajaza zote.

Nitaendelea kesho na habari ya kasi ya sauti majini na sifuri ya ramani.

Mchangiaji, Mtwara:

Asante sana kaka kwa uzi huu, nimejifunza. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa upimaji ardhi. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini tusitumie picha za setilaiti, maana nimesoma kwamba zinaweza kukadiria kina bila mtu kukanyaga majini? Pili, je, mwanafunzi anaweza kujitengenezea boti ya namna hiyo, au ni lazima kununua ya kiwandani?

Mwanzisha uzi:

Mdogo wangu, maswali yote mawili ni ya msingi, na la kwanza linastahili jibu pana.

Setilaiti za Sentinel-2 hupiga picha ambazo kila nukta ni mita 10 ardhini, na kwa kulinganisha jinsi rangi ya samawati na ya kijani zinavyofifia majini, mtu anaweza kukadiria kina. Kuna pia ICESat-2, iliyorushwa mwaka 2018, ambayo hutuma mwale wa leza ya kijani na, maji yakiwa safi sana, hufika hadi mita 40 hivi. Kwa maji yaliyo juu ya matumbawe ya Mafia au Mnemba, ambako ukiwa juu ya ngalawa unaona kivuli chako mchangani, njia hizi zinafaa sana kwa kuonyesha umbo la jumla na kukuambia uende wapi kwanza. Lakini zote zinategemea mwanga kufika chini na kurudi. Kwenye midomo ya mito, Rufiji au Pangani, maji ni rangi ya chai ya maziwa, na mwanga unaishia kwenye tope. Sauti haijali tope la namna hiyo. Kwa hiyo mimi huanza na setilaiti kupanga kazi, kisha boti huenda kupima, na namba za boti ndizo zinazosahihisha makadirio ya setilaiti katika eneo kubwa ambalo boti haikufika.

Kuhusu kujitengenezea: inawezekana, na ningefurahi kuona vyuo vyetu vikifanya hivyo. Programu ya ArduPilot ni ya bure na ya wazi, na ina sehemu ya vyombo vya majini. Ndiyo inayoshika usukani katika boti nyingi ndogo za utafiti. Matumbo unaweza kuyafinyanga kwa faiba kama mafundi wa boti wanavyofanya kila siku. Mahali pa kuwa mwangalifu ni ekosaunda. Vihisi vya bei nafuu vina mwale mpana, na mwale wa nyuzi 25 penye mita 4 hufunika duara la karibu mita 1.8, na kihisi husoma kitu kilicho juu kuliko vyote ndani ya duara hilo. Penye mchanga tambarare hakuna hasara. Penye mwamba wenye mashimo, ramani yako itaonyesha sakafu iliyo juu na laini kuliko ilivyo, na mashimo yote yatakuwa yamefutika.

Sasa nirudi kwenye ahadi ya jana. Ekosaunda haipimi kina, inapima muda. Inatuma sauti, inangoja mwangwi, na wewe ndiye unayeiambia sauti inakwenda kwa kasi gani. Katika maji yetu ya bahari yenye joto la nyuzi 28, sauti huenda takriban mita 1,540 kwa sekunde. Katika maji baridi ya mto, nayasema baridi kwa maana ya kutokuwa na chumvi, yenye joto hilohilo, huenda takriban mita 1,505. Ukiweka kasi ya bahari ukiwa ndani ya maji ya mto, kila mita 4 zinakuwa na ziada ya sentimita 9. Ubaya ni kwamba kwenye mdomo wa mto maji hayo mawili hayachanganyiki vizuri; ya mto huelea juu ya ya chumvi, na mpaka wao husogea na kupwa na kujaa. Kwa hiyo mimi hushusha kipima kasi ya sauti mara nyingi kwa siku, na pia hutumia njia ya wazee wa kazi hii: bamba la chuma linaloning'inizwa chini ya kihisi kwa mnyororo uliopimwa, mita 1, mita 2, mita 3, na ekosaunda lazima iseme hivyohivyo. Isiposema, boti haiondoki.

Halafu kuna sifuri. Kina cha kwenye ramani huhesabiwa kutoka kiwango cha chini kabisa ambacho maji hutarajiwa kupwa, na si kutoka uso wa maji wa siku hiyo. GPS ya RTK, ile inayosahihishwa papo hapo na kituo cha ardhini, inaweza kumpa mtu kimo cha boti kwa usahihi wa sentimita chache, na wengi hudhani basi ubao wa kupimia maji hauhitajiki tena. Lakini GPS haikijui kiwango hicho. Inapima kutoka umbo la hisabati linaloitwa elipsoidi, na hapa kwetu uso wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya umbo hilo. Ukisimama mchangani na kipokezi cha upimaji kabla hakijasahihishwa, kitakuambia uko mita 20 na zaidi chini ya sifuri, na miguu yako mikavu. Ili kufunga pengo hilo lazima mtu awe amekaa na ubao au mtambo wa kupimia maji pale pale, kwa siku za kutosha kuona bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, na kuunganisha alama yake na alama za ardhini. Zanzibar na Mombasa zina mitambo ya kudumu ya kupima kupwa na kujaa tangu miaka ya 1980, na hiyo ni hazina kubwa. Lakini ukienda kusini au kaskazini kilomita mia moja, huwezi kuazima namba za huko ukadhani maji hujaa saa ileile na kwa kiasi kilekile ndani ya hori lenye mlango mwembamba. Ndiyo maana nasema, ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, nunua mtambo wa kupimia maji kwanza, na boti uazime.

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Nakubaliana na mengi, lakini mimi nafanya kazi inayohusiana na usalama wa vyombo, na nina wasiwasi na upande wa sheria. Kanuni za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka kila chombo kiwe na uangalizi wa macho na masikio wakati wote. Boti yako haina macho wala masikio. Ikigongana na ngalawa, nani atajibu? Na je, ni nani anaruhusiwa kupima? Isije ikawa kila mtu mwenye boti ya rimoti anajichorea milango ya bandari zetu.

Mwanzisha uzi:

Mkuu, wasiwasi wako ni wa haki na mimi ninao pia.

Kuhusu ruhusa, jambo liko wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema kwamba chombo cha kigeni kinachofanya upimaji ndani ya bahari ya nchi hakihesabiwi kuwa kinapita kwa amani, kwa hiyo hakuna anayetoka nje na kuja kupima bila idhini ya nchi. Kwa sisi wa ndani, sijawahi kuanza kazi bila barua ya mamlaka zinazohusika, na bila kukaa na viongozi wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) wa eneo hilo. Barua humridhisha askari wa doria. Kikao cha BMU ndicho kinachokuambia jarife zimetegwa wapi usiku.

Kuhusu uangalizi, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilikamilisha mwaka 2021 mapitio ya mikataba yake ili kuona ni wapi inagongana na meli zinazojiendesha, na suala la nani ahesabiwe kuwa nahodha ni miongoni mwa yaliyoonekana kuwa magumu. Lakini mazungumzo hayo yanalenga meli za mizigo. Boti ya mita 1.6 ndani ya hori haiwezi kungoja hayo. Utaratibu wangu ni huu: boti haiendi mahali nisipoiona kwa macho, inabeba bendera ndefu ya rangi ya machungwa, mawasiliano ya redio yakikatika kwa sekunde chache inasimamisha mota, na kuna ngalawa ya kusindikiza yenye mtu wa kijiji anayejua kupungia wenzake. Wengine huiweka irudi yenyewe ilikoanzia mawasiliano yakikatika. Mimi nimeacha, kwa sababu njia iliyonyooka ya kurudi inaweza kupita juu ya kamba za mwani za akina mama, nao wamefanya kazi ya wiki sita pale.

Isidhaniwe tu kwamba hivi ni vitu vya kuchezea. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Hampshire walikwenda na meli Nautilus katika visiwa vya Channel, California, wakiwa na boti isiyo na mtu ya mita 4 waliyoipa jina la BEN, na boti hiyo ndiyo iliyopima karibu na visiwa, mahali ambapo meli ile haikuweza kusogea. Mwaka 2022, baada ya volkano ya Hunga Tonga kulipuka, boti Maxlimer ya mita 12 ya kampuni ya SEA-KIT ilipima kovu la mlipuko huku waendeshaji wake wakiwa kijiji cha Tollesbury, Uingereza, umbali wa karibu kilomita 16,000. Ile haikuwa kazi ya maji ya kina kifupi, lakini inaonyesha mtu anaweza kuondolewa mahali pa hatari bila kuondolewa kwenye kazi.

Mchangiaji, Kilindoni:

Mimi ni mzee, mjukuu wangu ndiye ananiandikia. Nimeshika usukani wa jahazi na mashua miaka arobaini, Mafia hadi Nyamisati na Dar es Salaam. Sisi kina tunakijua kwa rangi ya maji na kwa upondo, na kila fungu lina jina lake. Mtambo wenu unakwenda na kurudi kama ulivyosema, lakini mwamba hauoti kwa mistari. Je, mwamba ulio kati ya mstari na mstari mnauonaje? Na mkishamaliza ramani, sisi tutaiona, au inakwenda kukaa ofisini?

Mwanzisha uzi:

Shikamoo mzee wangu.

Swali lako la kwanza limegusa mahali penye aibu ya fani yetu. Kwa ekosaunda ya mwale mmoja, mwamba ulio kati ya mstari na mstari hatuuoni. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nimepima ghuba moja kwa mistari ya mita 10, na kila kitu kilikuwa safi, mita 3.2, mita 3.4, mita 3.3. Mvuvi wa makamo alikuja akaitazama ramani kwenye kompyuta kwa muda mrefu, akauliza mbona hakuna kichwa cha mwamba ambacho babake alipasulia mashua. Nikamwomba anionyeshe. Alitupeleka kwa ngalawa, akapanga mnazi mmoja wa ufukweni na pembe ya paa la msikiti, akasogea kidogo, akachomeka upondo, ukagonga. Nikairudisha boti pale kwa mistari ya mita 2. Kichwa kile kilikuwa na upana usiozidi mita 5, na juu yake maji yalikuwa mita 1.1 tu. Mistari yangu miwili ilikuwa imepita kulia na kushoto kwake. Tangu hapo, penye mwamba, ama natumia miale mingi, ama nakusanya kwanza alama za wavuvi na kuzipima moja moja kabla ya kusema eneo limekamilika. Nimekuta kwamba alama za mnazi na paa, zikichukuliwa vizuri, humfikisha mtu ndani ya mita chache za mwamba.

Kuhusu swali la pili, mzee, sitakudanganya. Ramani nyingi nilizozitengeneza zimebaki kwa aliyelipia kazi, na wavuvi walionisaidia hawakupata hata nakala moja. Katika kazi mbili za mwisho nimeweka sharti kwenye makubaliano kwamba ofisi ya kijiji ipewe ramani iliyochapishwa kwenye turubai, yenye kina kwa mita na kwa pima pia, na kwamba majina ya mafungu na milango yaandikwe kama wenyeji wanavyoyatamka. Moja imetundikwa dikoni na naambiwa watu huitumia. Ya pili bado inangoja idhini.

Majina ya milango ya upande wenu, kati ya Kilindoni na mdomo wa Rufiji, sijayapata kwa mtu aliyeyapita mwenyewe kwa tanga. Nikipata ruhusa yako, nitakuja maji mafu yanayokuja, wakati mkondo ni mpole, bila boti na bila mtambo, nikiwa na daftari na picha ya setilaiti iliyochapishwa kwa ukubwa wa mkeka, ili unionyeshe kwa kidole na mjukuu aandike. Safu za saa katika daftari hilo zitakuwa mbili, kama kawaida, kwa kuwa nitahitaji pia uniambie kila mlango hupitika maji yakiwa yamejaa kiasi gani.